Msimu wa Kungumanga

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimepewa kazi ambayo hakuna aliyekuwa na nia ya kunipa.

Redio yetu imeruhusiwa kutangaza ligi ya wanawake moja kwa moja, mechi zote zitakazochezwa uwanja wa hapa mjini. Kila mtu alijua atakayetangaza ni Radi. Huyo ndiye sauti ya mpira ya kituo hiki. Kuna watu wazima wenye watoto ambao wamekua wakimsikia. Mkuu wa kituo alipomgeukia kikaoni, Radi akaegemea kiti na kusema, "Mkuu, nimetangaza fainali za wanaume. Koo hili siwezi kulimalizia kwa wasichana wanaofukuzana matopeni."

Mimi nilikuwa kwenye meza yangu ya pembeni nikitafsiri habari za michezo kutoka Kiingereza, kazi niliyoajiriwa kuifanya: wa nje wanaandika, mimi nageuza, mwingine anasoma hewani na kusifiwa kwa sauti nzuri. Mara nikasikia mtu anasema, "Nitatangaza mimi." Kumbe ni mimi.

Mkuu akanitazama kama aliyesikia kabati likiongea. "Umewahi kutangaza wapi?"

"Nyumbani."

Watu wakacheka, lakini sikuwa natania. Mdogo wangu alianza kucheza na wavulana nyuma ya nyumba kabla hajaota meno ya utu uzima, na kila alipocheza mimi nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kijiko mbele ya mdomo kama kipaza sauti, nikitangaza. Sasa ni beki wa kati wa timu ya mji. Wanamwita Komeo, kwa sababu akisimama pale mlango umefungwa. Nikamwambia mkuu wazi kwamba ni mdogo wangu, tumbo moja.

"Mji huu kila mtu ni ndugu wa mtu," akasema. "Tangaza. Ukiharibu, unarudi kwenye meza yako."

Nimerudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua ya kwanza ya msimu, na sikufungua mwavuli.

Jumamosi, 9 Machi

Mechi ya kwanza. Tumeshinda mbili bila. Fundi mitambo, mtu mpole mwenye upara ambaye hushinda na visikizi shingoni, alinishikia karatasi yenye majina ya wachezaji.

Jambo moja lazima niliandike. Asubuhi nilikuwa nimetafsiri habari ya mechi ya huko nje. Mwandishi alisema mshambuliaji fulani "nutmegged" beki. Nutmeg tunaijua: ni kungumanga, ile kokwa ngumu ya kukwaruza kwenye chai. Waingereza wameifanya kitenzi, kitenzi cha mtaani, na maana yake ni kumpitishia mtu mpira katikati ya miguu. Nilicheka peke yangu ofisini. Mtu anawezaje kumkungumanga mwenzake? Nikaandika "alimpiga tobo," kama kawaida, nikaendelea na kazi.

Kumbe neno halikwenda mbali. Kipindi cha pili winga wetu alimfikia beki wao, akausukuma mpira katikati ya miguu yake, akazunguka na kuupokea nyuma yake kama anayeingia nyumbani kwake kwa mlango wa jikoni. Nilitaka kusema tobo. Mdomo ukawa umeshatangulia:

"Amemkungumanga! Jamani, amemkungumanga mchana kweupe!"

Fundi mitambo akavua kisikizi kimoja. "Amemfanya nini?"

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Simu za wasikilizaji kituoni ni nyingi kuliko siku ile bei ya mafuta ilipopanda.

Jumatatu, 11 Machi

Kikaoni walituchezea zile simu. Mmoja anauliza kama beki alitiwa viungo vingine pia au ni hicho tu. Mwingine anasema mke wake kamkataza asisikilize tena mpaka aelezwe kungumanga ni tusi au si tusi. Mmoja, mama mtu mzima, anasema tu, "Huyo binti mrudisheni Jumamosi," akakata.

Radi hakucheka. "Kiswahili kina tobo," akasema. "Neno fupi, zuri, kila mtu analijua. Kwa nini mtu atuletee vitu vya jikoni uwanjani?"

Nilijua anachomaanisha kwa jikoni. Nikamjibu bila kumtazama, "Walioliingiza uwanjani ni wanaume, tena Waingereza. Mimi nimelitafsiri tu."

"Na ukitafsiri, tafsiri vizuri! Kungumanga ni jina la kitu. Haliwezi kukimbia."

Mkuu akapiga meza kwa kalamu. "Jumatano una nafasi kwenye kipindi cha michezo. Lieleze neno lako lieleweke, au uliache."

Jumatano, 13 Machi

Nililieleza.

Nilisema kwanza maana: ukipitisha mpira katikati ya miguu ya mpinzani na kuuwahi upande wa pili, hapo umemkungumanga. Ukipitisha na ukaupoteza, hujamkungumanga mtu, umetoa zawadi. Nikasema matumizi: huko kwao watoto wakimfanyia mwenzao hivyo barabarani, hupiga kelele "megs!" na yule aliyefanyiwa hasahauliwi wiki nzima. Halipatikani kwenye hotuba wala kwenye hukumu ya mahakama. Ni neno la watu waliovua mashati.

Kisha asili, na hapo ndipo kuna uhondo, kwa sababu wenyewe hawakubaliani. Wako wanaosema ni mambo ya vina tu: mwisho wa nutmeg unafanana na leg, yaani mguu, basi walimwengu wakacheza na sauti. Wako wanaosema zamani kungumanga zilikuwa ghali, na wafanyabiashara wajanja walichanganya magunia yao na kungumanga za kuchonga kwa mti. Aliyenunua akagundua kafanywa mjinga, ikasemwa amekungumangwa. Hiyo ndiyo ninayoipenda mimi. Beki aliyepitishiwa mpira miguuni ana uso uleule wa mtu aliyefika nyumbani, akafungua gunia, akakuta vipande vya mti.

Ya tatu mkuu alinikataza kabla hatujaingia hewani. "Hiyo usiitaje, watoto wanasikiliza."

Nikaipitia kwa mbali. Nikasema wapo pia wanaodai kokwa zinazosemwa hapa si za kwenye chai, ni zile ambazo mpira ukipita karibu nazo, mwanamume yeyote hushika moyo. Nyuma ya kioo mkuu alifunika uso kwa viganja. Fundi mitambo alilazimika kuzima kipaza sauti chake.

Nilipofika nyumbani nikakuta Mama hajafunga karakana. Mama ni fundi cherehani, na redio yake inakaa juu ya rafu ya vitambaa, sauti juu kuliko cherehani zote tatu. Wateja wawili walikuwa wamekaa tu, nguo zao zimeshakwisha zamani.

"Huyu hapa," Mama akawaambia, akininyooshea mkasi. "Nilimlisha kwa mikono hii."

Jumamosi, 16 Machi

Uwanja umejaa maji. Mechi imeahirishwa. Nimetangaza mvua kwa robo saa, kisha wakaweka muziki.

Jumanne, 19 Machi

Komeo amekuja kula nyumbani, miguu imejaa michubuko. Kila anapokaa Mama humkagua kama kitambaa anachotaka kukirudisha dukani.

"Dada, neno lako linanisumbua," akaniambia tukiosha vyombo. "Mazoezini wote wanataka kukungumanga. Hakuna anayepiga pasi tena."

"Wewe wamekupata?"

"Mimi?" Akacheka kwa dharau kubwa. "Nani anipate mimi?" Halafu akaacha kucheka, akaifuta sahani ambayo ilishakauka. "Ila siku nikipatwa, utasemaje hewani?"

"Nitasema umepatwa."

"Mbele ya mji mzima? Mama anasikiliza?"

"Ndiyo."

"Hutathubutu, Dada."

Mimi mwenyewe sikuwa na hakika.

Jumamosi, 23 Machi

Tumeshinda. Tope hadi magotini. Neno limepokelewa uwanjani! Kila mpira ulipokaribia miguu ya mtu, jukwaa lote liliimba "Mkungumangeee!" na mabeki wakawa wanacheza magoti yamebana kama wanaotafuta choo.

Fundi mitambo kalipenda zaidi ya wote. Wakati wa mapumziko alikuwa akilinyumbua kama mwanafunzi: amemkungumanga, amekungumangwa, wamekungumangana. "Na ukimkungumanga mtu kwa niaba ya mwenzako, umemkungumangia." Nikamwambia kuna moja kasahau. Komeo, nikasema, hakungumangiki.

Nilirudia hewani. Kabla mechi haijaisha jukwaa zima lilikuwa linaimba hivyo: Komeo hakungumangiki.

Jumapili, 24 Machi

Komeo kanipigia simu. Neno moja tu: "Asante," kwa sauti ya mtu ambaye hashukuru.

Alhamisi, 28 Machi

Radi ana kipindi chake cha jioni. Leo kasema hewani, bila kunitaja, kwamba mtangazaji mwenye damu yake uwanjani ni sawa na refa aliyevaa jezi. Mama akamzima katikati ya sentensi. Ni mara ya kwanza kuona redio ile imezimwa kabla karakana haijafungwa.

"Ana wivu," Mama akasema.

Mimi pia nilitaka kusema hivyo. Nikaenda kituoni nikamwomba fundi mitambo anichezee mechi zote mbili tangu mwanzo. Nikasikiliza macho nimeyafumba. Jamani. Kila nilipomtaja Komeo, sauti yangu ilipanda ngazi. Mabeki wengine "wanaokoa." Komeo "anaokoa kwa ustadi." Kipa wa wapinzani aliyedaka mpira wa kona kwa mkono mmoja, tena akianguka, nilimpa maneno mawili.

Radi ana wivu, sawa. Lakini masikio yake ni mazima.

Jumamosi, 6 Aprili

Sare. Nimewataja wote kwa sauti moja. Imeniuma kama kuvaa kiatu cha mtu mwingine, lakini nimetembea nacho hadi mwisho.

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua, ushindi, mafua.

Jumatatu, 15 Aprili

Leo Radi alikuja karakana ya Mama kufuata suruali. Hakujua ni kwa mama yangu. Suruali ilipelekwa na mkewe. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikipiga pasi.

Mama akaitoa suruali, akaikunja polepole, hakumpa. "Wewe ndiye Radi?"

"Ndiye, mama," akajibu kwa ile sauti yake ya redioni, akingoja kusifiwa.

"Suruali iko tayari, nimeipunguza kiunoni. Ulimi sijui utaupeleka kwa fundi gani."

Radi akacheka kwanza, halafu akaniona mimi pazia liliposogea, na kicheko kikaishia njiani. Alitazama rafu, akaiona redio, akatazama zile cherehani tatu na wanawake wanaoshona. Wote walikuwa wameacha kushona.

"Mama," akasema, "mimi sikusema hajui kazi."

"Basi sema anajua. Mdomo si unao?"

Alichukua suruali yake na kutoka mvuani. Nilimwambia Mama hakupaswa. Akasema yeye kanyamaza kwa mengi ukubwani mwake, ila hili si mojawapo.

Jumamosi, 20 Aprili

Sikutegemea kuandika haya.

Dakika za mwanzo nilihisi mtu amekaa nyuma yangu kwenye kibanda cha matangazo. Nikadhani ni askari wa uwanja. Ni Radi, koti limelowa, mwavuli mapajani. Mapumziko yalipofika, akasogeza kiti.

"Neno lako unalimeza," akaniambia.

"Nalimeza vipi?"

"Unaliwahi. Mpira bado uko kwenye miguu, wewe umeshapiga kelele. Msikilizaji haoni, yeye anaona kwa mdomo wako. Acha mpira upite. Acha beki ageuke. Vuta pumzi. Hapo ndipo useme." Akakuna kidevu. "Na usiseme kama unacheka. Sema kama umeona."

Kipindi cha pili nikafanya hivyo. Mpira ukapita, beki akageuka, nikavuta pumzi, nikasema, "Amekungumangwa." Jukwaa, ambalo lina redio kila safu, lililipuka baada yangu. Wallahi nilisikia neno likitua.

Radi alikuwa akitikisa kichwa pale nyuma kama mtu anayesikia wimbo alioukataa. Tulipokusanya nyaya nikamuuliza kwa nini kaja.

"Nimetangaza mpira maisha yangu yote," akasema, "na sijawahi kukaa nikamsikiliza mtu mwingine anatangaza. Mama yako kanipa kazi ya nyumbani." Halafu, akiwa tayari mlangoni: "Mechi ya mwisho mdogo wako atamkaba Sindano, yule mshambuliaji. Unajua kuna beki yeyote ligi hii ambaye Sindano hajamkungumanga?"

Kalitumia neno! Hakugundua hata yeye. Nilitabasamu njia nzima, mpaka niliporudia swali lake kichwani.

Jumatano, 24 Aprili

Tuko sawa kwa pointi, ila sisi tuna magoli mengi. Mechi ya mwisho ni sisi na timu ya Sindano. Sare inatupa ubingwa.

Jumatano, 1 Mei

Wapenzi wa timu ya Sindano wamelalamika kituoni: haiwezekani mechi ya kuamua ubingwa itangazwe na dada wa Komeo. Mkuu akaitisha kikao. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Hakuna anayesema umekosea," akaniambia. "Lakini hii ni kubwa. Radi atatangaza, wewe utamsaidia na majina."

Nilikuwa nimejiandaa kubisha, maneno yote nimeyapanga, na yote yakanipotea. Nikasema tu, "Mkuu, msimu huu wote nimelowa mimi."

Wote wakamgeukia Radi. Akajinyoosha kitini.

"Sitangazi," akasema.

"Kwa sababu ni wasichana?" mkuu akauliza, amechoka.

"Hapana. Kwa sababu ni mechi yake. Mimi mwenyewe nilisema hewani kwamba atapendelea. Nimekwenda nikakaa nyuma yake. Hapendelei. Na hilo nitalisema hewani leo jioni, saa ileile."

Na akalisema. Mama aliwasha redio, akasimamisha cherehani zote, akasikiliza amesimama. Alipomaliza, akasema, "Sasa suruali zake nitamshonea bure." Halafu akafikiri kidogo. "Hapana, bure hapana. Vizuri."

Jumamosi, 4 Mei

Niandike kabla mambo hayajapoa.

Mwanzoni mvua haikunyesha, ilining'inia tu. Uwanja ulijaa kuliko nilivyowahi kuuona, hata kwa wanaume. Upande wa jua kulikuwa na kitambaa kirefu kimeandikwa KOMEO HAKUNGUMANGIKI kwa herufi nyekundu. Lile neno nililitoa mimi kinywani kwa majigambo, na sasa limetundikwa mbele ya Sindano kama kumchokoza mtu kwa makusudi. Komeo alikuwa akipasha misuli chini yake na hakukitazama hata mara moja.

Sindano ni mwembamba, anatembea kama amechoka. Ndiyo hatari yake. Mpira ukimfikia unadhani atauacha.

Nusu saa ya kwanza Komeo alimfungia mlango kabisa. Nilitangaza kwa sauti moja, kama nilivyojizoeza. Radi alikuwa nyuma yangu, fundi mitambo kulia. Kisha mpira mrefu ukaanguka kati ya Komeo na Sindano, karibu na kisanduku cha penalti. Komeo akafika kwanza, akateleza. Hakuanguka, mguu mmoja tu ulitoka nje kutafuta ardhi ngumu. Miguu ikaachana. Sindano, aliyekuwa amechoka, hakuwa amechoka tena. Akaugusa mpira kwa upande wa ndani wa kiatu, mguso mdogo kabisa, ukapita katikati, yeye akapita kando, na kipa akabaki peke yake.

Goli.

Mpira ulikuwa umepita. Beki alikuwa amegeuka. Nilivuta pumzi. Na pumzi ile haikutaka kutoka. Niliona mgongo wa mdogo wangu, namba yake imejaa tope. Niliona fundi mitambo ananitazama. Niliijua rafu ya vitambaa na nani amesimama chini yake. Lugha nzima ilikuwepo kunisaidia: "amepitwa," "ametelezeshwa na tope," "bahati mbaya kwa Komeo." Yote yangekuwa kweli kidogo. Radi hakunigusa, hakukohoa, na namshukuru kwa hilo.

"Komeo amekungumangwa," nikasema. "Sindano amempitishia mpira katikati ya miguu, kwa akili na kwa utulivu, na amefunga. Ni goli zuri sana. Moja bila."

Uwanja mzima ulikuwa na redio. Sauti yangu ikarudi kwangu kutoka pande zote, imechelewa kidogo, ikitamka jina la mdogo wangu. Na Komeo, ambaye alikuwa ameinama mikono magotini, akainua kichwa. Akatazama kibandani, moja kwa moja kwangu. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelielewa pale uwanjani isipokuwa mimi: akacheka. Ni kile kicheko chake cha nyuma ya nyumba, alipokuwa akiangushwa na wavulana wakubwa na kunitazama pale kwenye ndoo kuona kama nimelitangaza na lile.

Wale wenye kitambaa walianza kukikunja. Komeo akakimbia hadi ukingoni, akawanyooshea kidole, akawafanyia ishara wakirudishe juu. Wakarudisha.

Kipindi cha pili mvua ikashuka yote kwa pamoja. Winga wetu alisawazisha kwa kichwa, mpira wa kona, na nikapoteza sauti yangu ya kawaida kwa sababu halali. Baada ya hapo walitushambulia mpaka mwisho. Mara tatu Sindano alimjia Komeo na mara tatu Komeo alisimama. Ya mwisho refa alikuwa ameshatazama saa. Sindano uso kwa uso naye, ukingoni mwa kisanduku kama mwanzo, tope kama lile. Bega likadanganya kushoto. Mguu ukadanganya kulia. Komeo hakwenda popote. Alingoja, visigino vimekaribiana, kama mtu anayesubiri mgeni amalize hadithi ndefu. Sindano akasukuma. Mpira ukagonga kifundo cha mguu wa Komeo ukakaa hapo, na Komeo akaupiga nje ya uwanja, nje ya ukuta, sijui hata ulitua wapi.

Filimbi.

Nilitangaza ubingwa kwa sauti iliyokwaruza kama sufuria. Nilipomaliza Radi akachukua kipaza sauti kwa mara ya kwanza msimu mzima. Akasema, "Mliyemsikia ni mtangazaji wa mpira." Basi. Akanirudishia.

Chini uwanjani nilimkuta Komeo amekaa kwenye tope, hataki kusimama. Sindano alikuwa pembeni yake wakigawana maji ya chupa moja.

"Nimekusikia," Komeo akaniambia.

"Najua."

"Ulikawia."

"Nilikawia kidogo."

"Ungenyamaza, Dada, ningekufa pale pale. Ningejua umenionea huruma." Akaninyooshea mkono nimwinue. "Ulisema ni goli zuri sana. Hiyo 'sana' ulikuwa na haja nayo?"

Sindano akajibu kabla yangu: "Alikuwa na haja nayo."

Jumapili, 5 Mei

Sauti sina. Mama anazungumza kwa niaba yangu na kila anayepita.

Jumanne, 14 Mei

Mkuu ameandika barua ya ajira mpya: mtangazaji wa michezo. Meza yangu ya pembeni kapewa mwingine. Komeo ameitwa kambi ya timu ya taifa. Sindano pia. Watalala chumba kimoja, Mama ameshatuma salamu za kuonya.

Jumamosi, 25 Mei

Siku ya tatu bila mvua. Nilikuwa karakana nikimsaidia Mama kufungua mishono, nimejifunga kitambaa kichwani, hakuna aliyenitambua. Waliingia wanawake wawili na msichana wa shule kupima sare. Msichana akawa anamsimulia mama yake jinsi mwalimu wa hesabu alivyomkungumanga na swali la mwisho.

"Amekufanya nini?" mama yake akauliza.

"Amenidanganya njia, nikapita siko."

Mpira haumo kabisa! Neno limeshatoka uwanjani, limeingia darasani, na maana limeibadilisha njiani bila kuniuliza. Nilishika mkasi hewani.

Wale wawili wakaanza kubishana neno limetoka wapi. Mmoja akasema ni la zamani sana, bibi yake alikuwa akilitumia. Mwingine akasema hapana, limeletwa na mabaharia. Msichana alikuwa na hakika kwamba ni jina la mchezaji, Kungumanga fulani, aliyekuwa fundi wa kupita watu, na sasa ni marehemu.

Nilifungua mdomo. Kisha nikaufunga. Nilikumbuka Waingereza na hadithi zao tatu, na nikawaza kwamba labda huko nako, mahali fulani, kulikuwa na mtu mmoja aliyekaa kimya akisikiliza wenzake wakikosea, moyo wake umejaa kama wangu.

Lakini Mama hakuumbwa hivyo. Alisimamisha cherehani, akatoa pini mdomoni, akanitupia jicho, akasema, "Hakuna bibi wala baharia. Neno hilo limetoka humu ndani."

"Humu karakana?" yule mwanamke akamtazama juu hadi chini. "Mama, na wewe kwa kujisifu!"

"Najisifu," Mama akasema. "Nyoosha mkono, mwanangu, nikupime bega."